Siku moja maishani mwangu: tunavuna alizeti Singida

Saa 11 alfajiri. Juni kwetu Singida ni mwezi wa upepo na baridi ya asubuhi. Nafika shambani kabla njiwa hawajaamka, nikiwa na debe tupu na fimbo ya kulipigia. Alizeti ikikomaa njiwa hawahitaji kualikwa. Ukichelewa nusu saa, unakuta kichwa kimebaki mashimo.

Kunapopambazuka naona vichwa vyote vimeinama, vikielekea mashariki. Wengi hudhani alizeti hulifuata jua maisha yake yote. Hulifuata ikiwa changa. Ikichanua, shingo hukakamaa na uso hubaki upande wa macheo, hivyo ua hupata joto mapema na nyuki huliwahi.

Saa 1 asubuhi. Mama anafika na visu na magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Migongo umeiangalia?"

Hilo ndilo swali lake la kila mwaka. Utayari wa alizeti hausomwi usoni, husomwa mgongoni. Geuza kichwa: mgongo ukiwa kijani, iache. Ukiwa wa manjano kama ndimu, mbegu zimekomaa ila bado mbichi. Ukianza kuwa wa kahawia, kata. Tunapita mstari kwa mstari, tukiacha vichwa vilivyochelewa.

Saa 4. Jua limeanza kuuma. Nakaa chini ya mti na kichwa kimoja mapajani, kipana kama sahani ya wali. Napitisha kidole gumba juu yake, vijiua vikavu vinapukutika kama pumba na mbegu zinajitokeza, zimejipanga kwa mizunguko inayopishana kama ukili uliosukwa. Kila mbegu hapa ilikuwa ua lake. Tunachokiita ua moja la alizeti ni maua mengi yaliyokaa pamoja, na kichwa kikubwa huweza kuwa nayo zaidi ya 1,000. Yale ya manjano ya pembeni hayazai kitu, kazi yake ni kuita wadudu. Yanayozaa ni yale madogo ya ndani, na hufunguka kidogo kidogo kuanzia ukingoni kwenda katikati kwa muda wa wiki moja hivi. Kila kijiua hutoa chavua yake kwanza, na baadaye ndipo sehemu yake ya kike hufunguka kupokea. Kwa hiyo hutegemea sana chavua ya jirani, na mletaji ni nyuki.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka juzi muuzaji mmoja wa dawa za kuua wadudu aliniambia nipulize asubuhi, shamba likiwa limechanua. Nikapuliza. Vichwa vikawa vikubwa, vya kupendeza, lakini nilipong'ata mbegu moja baada ya nyingine ilikuwa ganda tupu. Mapepe. Gunia lilijaa na bado niliweza kulibeba kwa mkono mmoja. Tangu hapo alizeti ikichanua bomba la dawa halitoki ndani, na nimetundika mizinga mitatu kwenye miti ya mpakani. Leo nang'ata mbegu za katikati ya kichwa, pale ambapo mapepe hukaa zaidi, na nyingi zina kiini.

Saa 6 mchana. Ugali, mlenda, na kupumzika kidogo.

Saa 8. Tunapura vichwa vya wiki iliyopita vilivyokwisha kukauka. Tunavilaza kifudifudi juu ya turubai na kuvipiga migongoni kwa fimbo. Sipuri juu ya udongo mtupu: mbegu huokota mchanga na unyevu, na unyevu huleta ukungu ghalani. Mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, tutawapa kuku, na ukungu ukiingia huko ni sumu.

Mdogo wangu anang'oa shina moja ili tuone mzizi. Unakatikia njiani. Mzizi mkuu wa alizeti ukipata udongo laini huweza kushuka hata mita 2, ndiyo maana mvua zetu za msimu mmoja zikikatika mapema mahindi hujikunja wakati alizeti bado imesimama. Haimaanishi haihitaji maji. Ukame ukiipata wakati wa kuchanua na kujaza mbegu, mavuno hupungua vilevile, kwa hiyo mimi hupanda mapema mvua zikishatulia, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina.

Saa 10 alasiri. Upepo wa Singida unafanya kazi yake. Mama anainua ungo, mbegu nzito zinaanguka miguuni pake, mapepe yanapeperuka hadi kwenye majani. Namwangalia mikono. Hajawahi kunifundisha kwa maneno.

Saa 12 jioni. Nachagua mbegu ya mwakani. Yetu ni aina iitwayo Record, si chotara, kwa hiyo naweza kuihifadhi. Natoa vichwa vya katikati ya shamba, vilivyojaa hadi kitovuni, kutoka mashina mengi tofauti, navifunga kwa kamba na kuvitundika darini mbali na panya.

Mama anavihesabu kwa macho. "Ongeza viwili," anasema, na mimi narudi shambani na kisu kabla giza halijaingia.