Nilimwuliza Mwizi, Akanijibu

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilipofunga Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, mimi nilikuwa ndani, Kibokoni, kwa mamangu. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ni mwendo wa robo saa kwa miguu, lakini njia zilikuwa zimewekwa vizuizi na polisi. Faili zangu zote za malipo zilibaki kabatini huko. Nyumbani nilikuwa na laptopu ya kampuni, simu, na meza ya cherehani ya mama.

Ramadhani ilikuwa imeshavuka nusu. Jioni moja, saa kumi na moja hivi, nikapata barua pepe kwenye simu kutoka kwa wenye malori wanaotubebea makontena hadi Malaba. Ankara yao ya shilingi 860,000 nilikuwa naitazamia. Barua ilisema benki yao ina matatizo kwa sababu ya korona, basi safari hii tulipe kwenye akaunti nyingine. Namba za makontena ni zizo hizo, na hata ile "Asalaam aleikum dada" ambayo mhasibu wao huanza nayo ilikuwapo.

Ofisini ningegeuza kiti tu. Mwenzangu wa nyuma anawajua wenye malori wote kwa sauti zao. Pale kwa mama palikuwa na harufu ya kaimati na magharibi inakaribia. Nikafanya nililodhani ni uangalifu: nikaijibu ile barua, nikauliza kama kweli wamebadilisha akaunti. Dakika tatu hazikupita. "Ndiyo dada, ni sisi. Samahani kwa usumbufu."

Moyo ukatulia. Nikaandaa malipo, nikampigia bosi ayaidhinishe, maana kwetu mmoja huandaa na mwingine huidhinisha.

"Umezungumza nao?"

"Nimewaandikia, mzee, wamenijibu."

"Mwanangu, nimekuuliza kama umezungumza nao."

Namba ya simu iliyokuwa chini ya barua sikuiamini tena. Nikapekua rekodi za simu nilizopiga hadi za Februari, nikaipata namba ya mhasibu wao, nikampigia. "Akaunti mpya gani? Hatujakuandikia kitu tangu Jumatatu." Adhana ilipolia sikuweza kuishika tende, mikono ilikuwa ikitetemeka.

Nilipoifungua ile barua kwenye laptopu nikaona kilichofichwa na simu, ambayo huonyesha jina la mtu tu: anwani ilikuwa na herufi moja ya ziada.

Fundi wetu wa kompyuta akaniongoza kwa simu baada ya futari. Ndani ya mipangilio ya akaunti yangu tukakuta amri nisiyoiweka mimi: kila barua inayotaja malipo, nakala yake iende kwa anwani nisiyoijua. Akaniambia kubadilisha nenosiri peke yake kusingetosha, kwani amri ile ingeendelea kumpelekea mwizi barua zangu. Tukaifuta, tukatoa kila kifaa kilichokuwa kimeingia kwenye akaunti yangu, tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri peke yake lisitoshe kuingia.

Ndipo nikakumbuka. Mwezi Aprili ilikuja barua ya vibali vya kutembea saa za kafyu, na sisi wa kazi za bandari tulivihitaji mno. Nikabonyeza, ukurasa ukaniomba nenosiri la barua pepe, nikaliandika. Ukabaki mweupe, nikadhani ni mtandao. Tangu siku ile mtu alikuwa akisoma barua zangu pamoja nami, mpaka akajua tunavyoamkiana. Hilo liliniuma kuliko zile pesa, ambazo hata hazikutoka.

Na kama aliweza kujifanya wenye malori kwangu, angeshindwaje kujifanya mimi kwa wengine? Usiku ule nilikaa kwenye ile meza ya cherehani na orodha ya wateja wetu, nikawapigia mmoja mmoja, nikiwaomba radhi kwa kuwasumbua wakati wa tarawehe. Wawili walikuwa wamekwisha kupokea barua yenye jina langu na akaunti mpya. Mmoja wao alikuwa amepanga kulipa asubuhi.