Mshale wa Teresa, na sahani ya chakula

"Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho, kwamba zimetokana na Mungu" (1 Yoh 4:1).

Tumsifu Yesu Kristo.

Leipzig, Ujerumani, imehifadhiwa michoro ya chaki ya mchongaji Mwitalia Gian Lorenzo Bernini, ya maandalizi ya sanamu yake (1647–1652) ya Mt. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, iliyomo kanisa la Santa Maria della Vittoria, Roma. Chaki ya mafundi wa enzi zile si ya ubaoni. Ni jiwe laini la kuchimbwa, hukatwa vijiti na kunolewa. Ukikandamiza, kivuli kinakolea. Ukipitisha juu juu, panabaki ukungu tu. Penye mwanga mwingi fundi hagusi kabisa, huiacha karatasi yenyewe ing'ae.

Tukio linaloonyeshwa na sanamu hiyo Teresa mwenyewe alilisimulia katika sura ya 29 ya kitabu cha maisha yake. Malaika alisimama kushoto kwake, mdogo wa umbo, uso unawaka, ameshika mshale mrefu wa dhahabu wenye moto kwenye ncha ya chuma. Maumivu yalikuwa ya roho, anasema, ingawa mwili nao ulipata fungu lake, tena kubwa. Bernini alishika fungu hilo la mwili: kichwa kimelegea nyuma, macho yamefumba, midomo imeachana. Zaidi ya hapo mkono wa fundi haufiki. Nasi tukiona mtu ameanguka kwenye maombi, haraka tunasema Roho ameshuka!

Teresa hakuwa mwepesi hivyo. Katika kitabu chake kingine, kinacholinganisha roho na ngome yenye makao saba, akiandika juu ya makao ya nne anamtaja mtu aliyekuwa akiduwaa saa nane nzima: hajazimia, wala hahisi chochote cha Mungu. Chanzo kilikuwa udhaifu wa mwili, kwa mfungo na mkesha uliopita kiasi. Dawa? Ale, alale, apunguze malipizi. Hali ikakoma. Watawa wa namna hiyo, aliagiza, wapunguziwe saa za sala na wapewe kazi za nyumba. Iliyo ya Mungu, anasema, haikai muda mrefu, na haiidhoofishi roho.

Kwa hiyo wanajumuiya, ndugu anayefunga mfululizo akianza kusimulia maono, msimbishie wala msimtangaze. Mpikieni uji, alale usiku mzima, asubuhi mumsindikize kwa padri. Asipopata nafuu, mpelekeni zahanati.