Sado, Mizani na Mkono: Nilivyochagua Vifaa vya Kujazia Baruti

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu mmoja, Mtanzania mwenzangu anayeishi mwendo wa saa mbili kutoka kwangu hapa Wisconsin, alinipigia simu akiwa amesimama dukani mbele ya rafu iliyojaa vipimio vya baruti, akaniuliza bila hata kumaliza salamu, “Kaka, ninunue kipi?” Alikuwa amekwisha kununua presi ya kujazia risasi za bunduki yake ya kuwindia, na kilichobaki kilikuwa chombo cha kumimina baruti kwenye maganda. Nilimwambia arudi nyumbani mikono mitupu kwanza, kwa sababu swali lake halijibiki kwa kutazama rafu. Haya ndiyo niliyomweleza jioni ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Kujaza risasi upya si jambo gumu kulieleza. Ganda la shaba lililokwisha kutumika husafishwa, hurudishwa kwenye umbo lake kwa presi, huwekewa kiwashio kipya kwenye kitako, humiminiwa baruti, kisha kichwa cha risasi hukandamizwa mdomoni. Hatua zote hizo zina vifaa vyake, lakini hatua ya baruti ndiyo pekee ambayo kosa lake halionekani ukimaliza. Ganda lililopinda utaliona, na kiwashio kilichokaa vibaya utakigusa kwa kidole. Baruti iliyozidi imekwisha kufunikwa, nawe utaijua siku utakapofyatua bunduki ikiwa shavuni mwako.

Mimi nimekulia Moshi, na mama yangu alikuwa akiuza maharage katika soko la Kiboriloni. Mtu aliyekulia sokoni anajua bila kufundishwa kwamba kupima kwa chombo ni jambo moja na kupima kwa mizani ni jambo jingine. Sado ya maharage iliyomiminwa polepole haina maharage sawa na sado iliyotikiswa au kugongwagongwa chini, na muuzaji mjanja anajua lini agonge na lini asigonge. Ndiyo maana watu wa vipimo huko nyumbani wamehangaika miaka yote na lumbesa, ule mtindo wa kujaza gunia kupita kipimo. Vifaa vya baruti navyo vimegawanyika hivyo hivyo: vipo vinavyopima ujazo, na vipo vinavyopima uzito. Kitabu cha vipimo, kile kinachosema ganda lipi litiwe baruti kiasi gani, kinataja uzito, lakini mkono unapenda ujazo kwa sababu ni wa haraka, na karibu kila uamuzi wa kununua unatokana na mvutano huo.

Uzito wenyewe huhesabiwa kwa greni, kipimo cha Waingereza cha zamani ambacho Wamarekani hawajakiacha. Greni 7,000 hufanya ratili moja, na gramu moja ni greni 15.4 hivi. Tuseme kitabu kinataka greni 42 kwa ganda unalolijaza: hizo ni gramu 2.7 tu, na kopo la ratili moja litakupatia risasi 166. Mizani za kazi hii husoma hadi sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu sita na nusu. Kiasi hicho ni vijiti vichache tu vya baruti, ambavyo ukivipiga chafya hutaviona tena.

Nimesema vijiti kwa makusudi, kwa sababu kabla ya kuchagua kipimio ni lazima ujue umbo la baruti unayoitumia. Baruti nyingi za bunduki ndefu za kuwindia, kama IMR 4350 au Varget, ni vijiti vifupi vilivyokatwa, mfano wa risasi ya penseli iliyovunjwavunjwa. Nyingine ni vipira vidogo vinavyotiririka kama ulezi, na nyingine, hasa za bastola na bunduki za marisau, ni vibapa vyembamba kama makapi. Baruti ya vipira hujipanga vizuri katika chombo chochote, na hata kipimio cha bei ndogo huitoa kwa usawa wa kushangaza. Ile ya vijiti hulala ovyo, mara imesimama, mara imekingamana kama kuni zilizotupwa, hivyo ujazo uleule huweza kutofautiana uzito kwa sehemu mbili au tatu za kumi za greni kila unaposhusha mpini. Rafiki yangu hakujua baruti yake ni ya umbo gani. Alipofungua kopo na kuniambia ni vijiti, nusu ya rafu ile ilikwisha kujibu swali lake.

Kipimio cha ujazo cha mezani ni tangi la plastiki lililo juu ya rola ya chuma yenye tundu. Ukiinua mpini, tundu hutazama juu na kujaa. Ukiushusha, hutazama chini na kumimina baruti kwenye ganda. Ukubwa wa tundu hurekebishwa kwa skrubu. Uniflow ya kampuni ya RCBS imejengwa hivyo, na Lyman wana namba 55 yao ya siku nyingi ambayo ina vitelezi vitatu badala ya skrubu moja. Ubaya wake ni kwamba kingo za rola hukata vijiti vinapokwama katikati ya njia. Utausikia mkato huo mkononi, mgutuko mdogo kama wa kuvunja mfupa wa samaki, na hapo ni bora urudishe kiasi hicho tangini badala ya kujiaminisha kwamba kiko sawa. Lee, ambao kiwanda chao kiko Hartford hapahapa Wisconsin, walilikabili tatizo hili kwa njia nyingine: kwenye kipimio chao cha plastiki waliweka kipangusio laini ambacho hukisukuma kijiti kando badala ya kukikata. Ni chombo cha bei ya chini na mwonekano wake hauvutii, lakini kwa baruti ya vijiti nakiheshimu kuliko vingine vizito vya chuma nilivyowahi kuvitumia.

Hata hivyo, kipimio chochote cha ujazo ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni mkono wako. Ukishusha mpini kwa nguvu mara moja na kwa upole mara nyingine, ukasitasita juu, ukagonga chini, basi umekuwa muuzaji wa sado. Nilijizoesha kuhesabu: juu, moja, mbili, gonga mara moja, chini, gonga mara moja, na sibadilishi mwendo huo hata simu ikilia. Aidha, tangi lisiachwe lishuke chini ya theluthi, kwa sababu uzito wa baruti iliyo juu ndio unaoishindilia ile inayoingia kwenye tundu. Kibati kinachowekwa ndani ya tangi kupunguza mgandamizo huo ni kitu cha bei ya soda, na kama kipimio chako hakikuja nacho, kinunue. Miiko midogo ya plastiki inayouzwa kwa seti ya ukubwa mbalimbali nayo hufanya kazi, ukizamisha mwiko, ukaiacha baruti iingie yenyewe, kisha ukasawazisha mdomo kwa kadi. Nilianza nayo na siioni aibu, ila jedwali linalokuja nayo nalichukulia kama makadirio tu, na kila mwiko naupima kwenye mizani kabla ya kuuamini.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo rafiki yangu hakutaka kulisikia: mizani kwanza, kipimio baadaye. Mtu mwenye mizani nzuri na mwiko anaweza kutengeneza risasi salama, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mwenye kipimio kizuri bila mizani anabahatisha tu, hata kama kipimio chake kimegharimu mshahara wa wiki nzima.

Mizani ya mkono wa chuma, inayoning'inia kwenye makali yake na kutulizwa na sumaku, haihitaji umeme wala haibadiliki kwa baridi. Hasara yake ni uvivu wake, na hatari yake ni kile kizani kinachotelezeshwa kwenye meno ya mkono: kikiruka jino moja, umekosea greni nzima au zaidi, na mizani italala sawa kabisa bila kukuonya. Ninapoanza kazi naandika kipimo kwenye karatasi, nakisoma kwa sauti kutoka kwenye mkono wa mizani, halafu ninaweka jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana. Mke wangu huniuliza ninaongea na nani huko chini.

Mizani ya kielektroniki ni ya haraka na rahisi kusoma, nami ninayo, lakini iliniadabisha. Chumba changu cha kazi kiko chini ya nyumba, na mwezi Januari tanuri la kupashia joto huwaka na kuzima kila baada ya dakika kadhaa. Siku moja nilikuwa nimekwisha kujaza maganda thelathini kwenye kibao, na kama ilivyo desturi yangu nikamulika tochi kutazama kimo cha baruti ndani ya kila ganda. Safu ya mwisho ilikuwa juu kidogo kuliko ya kwanza, tofauti ambayo jicho lisingeiona kama maganda hayo yasingekuwa yamesimama pamoja. Niliweka jiwe la kupimia. Mizani ilikuwa imepotoka kwa sehemu nne za kumi za greni bila kuonyesha alama yoyote, kwa sababu tundu la hewa ya moto lilikuwa likipuliza moja kwa moja juu ya meza. Nilimwaga maganda yote thelathini kurudi kwenye kopo, nikaziba tundu kwa kipande cha kadibodi, nikaiacha mizani ipate joto kwa nusu saa, kisha nikaanza upya. Tangu siku hiyo jiwe la kupimia hupanda mizani kila baada ya maganda kumi, na simu hukaa juu, jikoni.

Kuna mashine zinazounganisha yote, zikimimina na kupima zenyewe: unabonyeza namba, mrija unazunguka, baruti inadondoka kwenye kikombe hadi mizani iseme basi. ChargeMaster ya RCBS ndiyo iliyozizoeza kwa watu wengi. Zinafaa kwa baruti ya vijiti, kwa kuwa hazikati kitu, na wakati moja inapimwa wewe unakandamiza kichwa cha risasi iliyotangulia. Kasoro yake ni kumwaga kwa mafungu mwishoni na kuzidisha, ndiyo maana wajazaji wa Marekani walibuni dawa inayonichekesha hadi leo: hukata kipande cha mrija wa soda wa McDonald's na kukichomeka mdomoni mwa mrija wa mashine, ili vijiti vishuke kimoja kimoja. Nimeijaribu, na inafanya kazi. Ukipanda ngazi zaidi utakutana na AutoTrickler, iliyobuniwa na Adam MacDonald wa Kanada, ambayo hufanya kazi na mizani ya maabara ya A&D FX-120i inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, kiasi cha kuhisi kijiti kimoja. Ni kazi safi sana, na bei yake inazidi bei ya bunduki yangu.

Je, mwindaji anaihitaji? Msimu wa kulungu kwa bunduki hapa kwetu ni siku tisa kuanzia Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, na ndani ya msitu wangu siwezi kuona mbali zaidi ya yadi 150. Kwa ganda la ukubwa wa .308, sehemu moja ya kumi ya greni hubadilisha mwendo wa risasi kwa futi tano hivi kwa sekunde, katika mwendo unaozidi futi 2,500, na kwa umbali huo kulungu hatajua tofauti. Hata wale wanaoshindana kufyatulia bunduki juu ya meza kwa yadi 100 na 200, wanaopiga matundu matano yakaonekana moja, kwa desturi hawakupima kila risasi kwa mizani. Walishusha mpini wa kipimio kizuri pale pale uwanjani, wengi wao wakitumia vile vya Harrell's kutoka Virginia, na kuhesabu mibofyo yake. Anayepiga yadi 1,000 ndiye mwenye haki ya kuhangaikia kijiti kimoja, kwa kuwa huko tofauti ndogo ya mwendo hugeuka kuwa kimo kikubwa kwenye shabaha.

Kwangu mimi, njia iliyonitosha ni ya katikati. Kipimio nakiweka kitoe pungufu kidogo, kama nusu greni chini ya ninachokitaka, namimina kwenye kisahani cha mizani ya mkono wa chuma, kisha namalizia kwa kidondoshi, kile kimrija cha kuzungushwa kwa vidole kinachoangusha vijiti viwili vitatu kwa wakati mmoja, hadi mkono wa mizani utulie kwenye alama. Risasi hamsini hunichukua muda wa kusikiliza mechi moja ya Simba redioni, mapumziko yakiwemo.

Kuhusu kiasi chenyewe, sikukitaja kwa rafiki yangu na sitakitaja hapa. Hicho hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa cha risasi, kwa baruti ileile, nawe huanzia chini na kupanda polepole. Juu ya meza hukaa kopo moja tu la baruti, na kazi ikiisha, baruti iliyobaki tangini hurudi koponi usiku uleule. Niliwahi kuiacha hadi Jumatatu. Plastiki ya tangi ikapata ukungu ambao haujatoka, nami nikasimama mbele yake nikijiuliza ni baruti gani ile, nikaishia kwenda kuitupa. Wakati wa baridi kali hewa kavu nayo huzalisha umeme tuli unaogandisha vijiti kwenye faneli, hivyo ninaipangusa kwa kile kitambaa chembamba cha kukaushia nguo ambacho mke wangu hukitafuta kila Jumamosi.

Rafiki yangu alirudi dukani siku ya tatu. Alinunua mizani ya mkono wa chuma iliyokwisha kutumika, mawe ya kupimia, kidondoshi, na kipimio cha plastiki cha bei ya chini kuliko vyote vilivyokuwa kwenye rafu. Jana alinitumia picha ya maganda ishirini yaliyosimama kwenye kibao, tochi ikiyamulika kwa juu. Nilimwomba amwage la tatu kutoka kushoto alipime tena.