Nilivyomwachisha mbwa wangu kufukuza boda boda

Mbwa wa miezi 8 hadi mwaka na nusu hana tofauti na kijana wa kidato cha pili: jina lake analijua, kuitika ni hiari yake. Wangu ni dume, chotara wa German Shepherd, na hapa Mamboleo, Kisumu, hakuna boda boda aliyepita kwa amani.

Ushauri Kisumu nzima ni ule ule: mfunge mnyororo mchana kutwa, mtie pilipili kwenye ugali, mchape. Upuuzi. Pilipili inamchoma tumbo tu. Mnyororo unamlimbikizia nguvu, jioni akifunguliwa haguswi. Na ukimchapa akirudi, amejifunza kuwa kurudi ndiko kunakouma.

Nilichukua kamba ya manila ya mita 10, nikaipiga fundo kila mita moja. Kamba tupu huchuna viganja mbwa wa kilo 30 akichomoka. Fundo hukwama chini ya kiatu. Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kola, maana akifika mwisho kwa kasi shingo ndiyo itakayoumia. Zawadi ni omena (dagaa) kavu wa soko la Kibuye, wasiotiwa chumvi, nawakaanga bila mafuta mpaka wanukie. Mmoja mmoja, na kwenye mazoezi tu.

Sasa ujanja wenyewe. Kijana mmoja wa boda nilimpa ya chai apitepite. Tulianzia mita 50 kutoka barabarani, mbwa anaona pikipiki lakini bado anakula. Akikataa omena, mko karibu mno, rudini nyuma. Pikipiki ikichomoza, kabla hajasimamisha masikio, nasema “acha” mara moja. Akinigeukia, omena papo hapo. Asipogeuka sirudii neno, nakanyaga kamba na kusubiri. Ukiimba “acha, acha, acha”, atangoja ya tatu kila siku. Akigeuka mara 4 kati ya 5, tunasogea mita 5. Pikipiki polepole kwanza, kisha mbio, honi mwisho. Dakika 5 zinatosha, kabla hajala.

Nyumbani watoto ndio mtihani. Kipande kimoja cha chapati chini ya meza Jumapili, ataomba mpaka Jumapili nyingine. Mkimnyima atabweka zaidi siku za mwanzo. Mkimpa hapo, mmemfundisha kubweka kwa nguvu.

Kamba naipunguza kidogo kidogo, sasa anaburuta mita 2. Kuku wa jirani ndio tumewaanza juzi, tena kwa mbali sana.