Nilivyogeuka vijei wa mama yangu

Mama hasomi maandishi ya chini ya skrini. Filamu zinazotafsiriwa na mavijei wa Kampala, wale wanaosimulia filamu kwa sauti juu ya picha, nazo ni za Kiganda, na Kiganda chake ni cha kununulia nyanya tu. Sisi ni Wanubi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala. Nyumbani tunasema Kinubi, na Kiswahili cha kambini ambacho mama alikizoea tangu marehemu baba akiwa jeshini. Kwa hiyo wajukuu walipoanza kulilia When Life Gives You Tangerines, tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2025 yenye vipindi 16, naye akataka kujua wanalilia nini, kazi ikaniangukia mimi.

Kipindi cha kwanza nilikiharibu. Nilitafsiri kila neno, mbio mbio. Mama alikuwa anasuka kawa, akasema bila kuinua macho: "We mtoto, nyamaza kidogo, nisikie huyo mwanamke anavyolia."

Nikabadili mbinu. Nashusha vipindi viwili kwenye simu, navitazama kwanza ndani ya taksi nikitoka Kampala, halafu Jumamosi baada ya isha naunganisha simu na televisheni. Kwa kuwa kinachokuja nakijua, nasema sentensi moja, nanyamaza. Majina alijichagulia mwenyewe: Ae-sun akawa Asha, Gwan-sik akawa Wani. Asha ni binti wa kisiwa cha Jeju anayetaka kuwa mshairi. Mama yake alikuwa mzamiaji, wale wanawake wanaochuma konokono wa baharini kwa pumzi zao tu, akafa kijana. Wani ni yule mvulana anayemsaidia Asha kuuza kabichi sokoni.

Kilichotutatiza ni miaka. Mwigizaji IU anacheza Asha akiwa kijana, kisha anacheza binti wa Asha. "Huyu si alishazeeka?" mama akauliza. Nikamwambia ni bintiye, wamefanana. Akanitazama usoni, akatazama skrini, akarudi kwenye kawa yake.

Siku ya meza ya chakula ndipo alipoiweka kawa chini. Ukweni kwa Asha, wanaume wana meza yao na wanawake wanakula pembeni. Wani akageuka, akawapa kisogo wenzake, akala akiwaelekea mkewe na bintiye. Hapo sikutafsiri kitu. Kwetu sinia la wanaume lilitangulia kutoka jikoni miaka yote, na baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kugeuka. "Rudisha nyuma," mama akasema. Nilirudisha mara tatu.

Halafu ile ya dhoruba. Mtoto wao mdogo haonekani, watu wanakimbia huku na huku kwenye mvua, na umeme ukakatika. Tukabaki gizani.

"Amepatikana?"

"Tutaona umeme ukirudi, mama."

Kimya. Kisha: "Basi amekufa." Tangu siku hiyo nimejua kwamba vijei mbaya ni yule anayesita.

Mimi binafsi naona vipindi vya binti huko Seoul vimevutwa sana, na wale wachumba wake wangepunguzwa. Mama hakubali, kwake mkwe mkorofi hatoshi kamwe.

Jina la Kikorea la tamthilia limeandikwa kwa lahaja ya Jeju, na maana yake ni kama "umefanya kazi sana". Watu wengine huenda wanahitaji maelezo marefu. Mimi nilisema tu, "Ni kama gyebale," salamu ya Kiganda anayopewa mtu aliye kazini, na mama akaitikia kwa kichwa: hata yeye mwenye Kiganda cha nyanya hiyo anayo.

Tumemaliza wiki iliyopita. Juzi nilimkuta barazani akimsimulia jirani kwa Kinubi. Wani alikuwa ameruka melini na kuogelea kumrudia Asha, hilo ni kweli limo. Ila meli hiyo ilikuwa imetoka Kisumu, na Asha alikuwa na shangazi Arua ambaye mimi simjui.