Maumivu ya Hiari

Kisumu, Jumamosi usiku

Jana alasiri nilidungwa sindano za kujaza midomo katika kliniki moja ya ngozi huku Milimani, na tangu hapo kila anayeniona ananiuliza swali lile lile: iliuma? Iliuma, lakini kwa kiasi ambacho mimi na daktari tulikuwa tumekwisha kukubaliana kabla sindano haijagusa ngozi. Makubaliano hayo yamenifikirisha kuliko midomo yenyewe. Nimewasikia watu wakiyazungumzia maumivu haya kwa namna mbili, na zote mbili haziniridhishi: wapo wanaosema mtu ajikaze kwa kuwa amejitakia, na wapo wanaotaka uso wote ufe ganzi wasihisi lolote mpaka wafike nyumbani.

Wa kundi la kwanza ninaye humu ndani. Shangazi, aliyefika leo asubuhi kutoka Ahero, alinitazama mdomo uliovimba, akacheka, kisha akasema, "Mtaka uzuri hudhurika, mwanangu. Nani alikutuma?" Hakukusudia ubaya, na uji wa vuguvugu ninaokunywa ameupika yeye. Lakini Shangazi huyu huyu alipokwenda kung'olewa gego alimwomba daktari wa meno amwongezee ganzi, akaongezewa, na hakuna mtu katika ukoo aliyemwambia ajikaze. Nadhani anaona kwamba jino lile lilikuwa ugonjwa ilhali midomo yangu ni matakwa. Ni kweli ni matakwa. Sikuwa na kovu wala ila ya kuzaliwa. Nilipenda tu mdomo wa juu ukaribie wa chini kwa unene, na nikalipa kwa fedha zangu. Sioni jinsi hilo linavyoyafanya maumivu kuwa sehemu ya malipo.

Na midomo si mahali pa kuchezea. Daktari mpasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, aligusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho kwa umeme hafifu na kuandika ni kiungo gani kilichohisi. Katika ramani iliyotokana na kazi hiyo ya miaka ya 1930, midomo na vidole vya mikono vimetwaa eneo kubwa ajabu, huku kiwiliwili chote kikiachiwa kipande chembamba. Habari zote za midomo husafirishwa na neva ya tano ya kichwa. Tawi la mdomo wa juu hutokeza kwenye kitundu cha mfupa chini ya jicho, na la mdomo wa chini hutokeza kwenye kitundu cha taya, karibu na magego madogo. Daktari wa meno anazifahamu njia hizo vizuri, kwa maana akidunga ganzi karibu na matundu hayo, mdomo mzima hulala.

Hiyo ndiyo ganzi niliyoiomba kwanza. Daktari, mama mtaratibu ambaye hamalizi sentensi bila kuhakikisha umeielewa, hakunikatalia. Alisema angenipa ningeitaka, kisha akanieleza kwa nini yeye huiweka akiba kwa watu wenye hofu kubwa sana. Ganzi ya namna hiyo ni sindano nyingine juu ya sindano, na hudumu kwa saa kadhaa ambapo mtu anaweza kujing'ata au kujiunguza kwa chai bila habari. Mdomo uliolala pia hulegea, na mtu akiambiwa atabasamu hutabasamu upande, hivyo ni vigumu kwa anayedunga kupima kama pande mbili zinalingana. Sababu aliyoikalia kwa muda mrefu zaidi ilikuwa nyingine. Alitaka niweze kumwambia kitu fulani kinauma kuliko inavyostahili.

Midomo ina ateri, yaani mishipa inayoleta damu, zinazopita juu na chini, na hazipiti mahali pamoja kwa kila mtu. Jeli ya kujaza midomo ikiingia ndani ya ateri, au ikaibana kutoka nje, damu haifiki mbele, na nyama isiyopata damu huanza kufa. Dalili zinazotajwa ni ngozi kupauka ghafla, kisha madoa ya rangi ya zambarau yaliyosambaa kama wavu, ubaridi, na maumivu makali yasiyolingana na sindano yenyewe. Hapo ndipo Daktari aliponiambia jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Picha nyingi za mafunzo, alisema, ni za watu weupe, ambao mdomo wao ukipauka unaonekana kutoka mlangoni. Kwenye midomo myeusi kama yangu kupauka huko kunaweza kujificha, na inabidi mtu aufunue mdomo na kuangalia upande wa ndani, ulio mwekundu, kisha aubonyeze na kutazama kama rangi inarudi haraka. Ikiwa macho yana kazi ngumu zaidi kwangu kuliko kwa mwanamke wa Ulaya, basi maumivu yangu ni shahidi ambaye hafai kunyamazishwa kabisa. Nilikubali papo hapo.

Alinionyesha pia kichupa kidogo kutoka kwenye friji, chenye dawa ya unga ya hayaluronidezi. Jeli nyingi za midomo hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho miili yetu inacho tayari kwenye ngozi na viungo, na hayaluronidezi ni kimeng'enya kinachoiyeyusha. Jeli ikiziba mshipa, hicho ndicho hudungwa, tena upesi. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kudungwa midomo aulize kwanza kama kichupa hicho kipo, na kama anayedunga amesajiliwa na baraza la madaktari, kabla hata hajauliza kuhusu krimu ya ganzi. Zipo pia kalamu zinazouzwa mtandaoni zinazorusha jeli kwa shinikizo la hewa, na tangazo lake huwa ni hilo hilo: bila sindano, bila maumivu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya vifaa hivyo mwaka 2021, kwa kuwa havimpi anayevitumia udhibiti wa kutosha wa mahali jeli inapokwenda. Binamu yangu alikuwa ameniletea picha ya moja, bei yake ikiwa imekatwa nusu. Nilimshukuru.

Basi tukaamua hivi: krimu ya ganzi, barafu, jeli yenye ganzi ndani yake, na mkono wa polepole. Ganzi ya neva ingebaki pembeni, na ningeiomba wakati wowote bila kuulizwa kwa nini.

Krimu ilikuwa ile ya kawaida yenye dawa mbili za ganzi, lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5. Muuguzi aliipaka kwa kijiti bapa cha mbao, nene, nyeupe, akafuata ukingo wa midomo bila kuniruhusu kulamba. Kwenye ngozi ya mkono krimu hiyo huhitaji kama saa nzima chini ya plastiki. Kwenye midomo, ambayo ngozi yake ni nyembamba, dawa hupenya upesi zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo huingia pia kwenye damu upesi zaidi. Nilipouliza kama ningeweza kujipakia nyumbani ili niokoe muda, muuguzi alitikisa kichwa. "Hapana, dada. Hapa ninajua umepakwa kiasi gani na tangu saa ngapi." Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2007 ile mamlaka ya Marekani ilitoa onyo baada ya vijana wawili wa kike kufariki, kila mmoja akiwa amejipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuifunga kwa plastiki kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Lidokeini ikizidi katika damu huvuruga ubongo na mapigo ya moyo. Krimu za kuchanganywa zisizo na kipimo kinachoeleweka, hata ziwe na sifa gani, mimi sizitaki usoni mwangu.

Ganzi ya krimu inakuja kwa namna ya kuchekesha. Kwanza ladha chungu ilinishuka kooni, ncha ya ulimi ikapotea, kisha nikajaribu kusema "maembe mabovu" kama alivyonielekeza muuguzi, nikatoa sauti ambayo hata mimi sikuielewa. Krimu ilifutwa yote, kwa shashi na dawa ya kuua vijidudu, na Daktari akanigusa kwa ncha ya sindano bila kudunga. Nilihisi mguso, sikuhisi mchomo. Hapo tukaanza.

Sindano ya kwanza, kwenye pembe ya mdomo wa juu, ilikuwa ya kuvumilika kabisa: mkandamizo, kisha joto. Ya katikati, kwenye ule upinde chini ya pua, ilikuwa habari nyingine. Machozi yalinitoka bila mimi kulia, jicho la kushoto kwanza, na pua ikawasha kama inayotaka kupiga chafya. Daktari alisimama mara moja, akasema hilo huwapata karibu wote, akangoja. Muuguzi alikuwa ameshika kipande cha barafu kilichofungwa kwa shashi, akinigusisha sekunde chache kabla ya kila mchomo, na kwa mkono wa pili alinitikisia shavu kwa kifaa kidogo kinachotetema. Nilidhani ni hila ya kumsahaulisha mgonjwa, lakini ina maelezo yake. Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango, ambapo hisia za mguso na mtetemo zikiingia kwa wingi huzipunguzia habari za maumivu nafasi ya kupita. Kila mama aliyewahi kumsugua mtoto goti baada ya kuanguka amelitumia lango hilo. Mimi nilimwomba muuguzi asikiondoe kifaa chake.

Jeli yenyewe ilikuwa na lidokeini asilimia 0.3, na hili nililihisi wazi wazi. Tone la kwanza katika kila sehemu liliwaka, yaliyofuata yakafifia, hivyo mdomo wa chini, uliodungwa mwisho kwa sindano za karibu karibu, ulinisumbua kidogo sana. Lidokeini iligunduliwa nchini Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943, na mwenzake, Bengt Lundqvist, aliijaribu kwa kujidunga mwenyewe. Nilimkumbuka kijana huyo nikiwa nimelala pale, nikaona heri yangu. Daktari alidunga taratibu mno, kwa maana jeli inayosukumwa kwa haraka huipanua nyama kwa ghafla, na kupanuka huko ndiko kunakouma kuliko ncha ya sindano. Kila alipohama mahali alibonyeza mdomo, akaufunua, akatazama ndani, akauliza, "Hapa je? Ni uchungu ule ule au mwingine?" Wakati mmoja nilisema mwingine. Aliondoa sindano, akangoja, akabonyeza tena, rangi ikarudi vizuri. Ilikuwa ni sehemu ambayo krimu haikufika sawasawa. Hakuonyesha kuchoshwa na neno langu, na hilo ndilo lililonituliza kuliko barafu.

Tulitumia pungufu ya bomba moja la mililita 1. Yaliyobaki tuliyaacha, ingawa nilikuwa nimelipia bomba zima, na Shangazi ameniambia hilo ndilo linalomuuma yeye.

Leo uvimbe umefika kileleni, kama nilivyoambiwa kwamba ungefika siku ya kwanza au ya pili. Kuna alama ya kuvilia damu upande wa kulia, ndogo, licha ya kwamba kwa wiki nzima nilikaa mbali na aspirini na ibuprofeni, ambazo huifanya damu ichelewe kuganda. Mtu aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo hafai kuiacha bila kumwuliza daktari wake. Mimi nilikuwa naitumia kwa kichwa tu. Ninatumia parasetamoli. Daktari aliuliza pia kama huwa natokwa na vidonda vya homa midomoni, kwa kuwa sindano zinaweza kuviamsha na vikiamka huuma kwa siku nyingi. Angenipa mapema asiklova, dawa ya kuvizuia, iwapo ningekuwa navyo.

Maumivu ya usiku huu ni ya kukaza, pande zote mbili sawa, na yamepungua tangu mchana. Hivyo ndivyo yanavyopaswa kuwa. Kwa sababu lidokeini ya ndani ya jeli huweza kuficha mshipa ulioziba hadi ganzi iishe, nimeagizwa niendelee kujiangalia leo na kesho: niufunue mdomo mbele ya taa, nibonyeze, niachilie, nitazame. Upande mmoja ukianza kuuma kuliko mwingine, au rangi ikichelewa kurudi, nipige simu hata kama ni usiku wa manane, nisimeze dawa ya kutuliza na kulala. Nimemfundisha Shangazi namna ya kuangalia, kwa kuwa macho yake ya mbali bado ni mazuri kuliko yangu. Ameniangalia tangu magharibi zaidi ya nilivyomwomba, na kila mara anasema rangi ipo.

Nikirudi kliniki kwa ukaguzi nitamwomba muuguzi aikazie krimu pale chini ya pua, na nitauliza kuhusu kanula, ile sindano butu inayoingilia tundu moja na kupita chini ya ngozi. Daktari aliitaja kwa kupita tu, akasema haivilishi damu sana lakini yeye huona sindano ya kawaida inampa usahihi zaidi kwenye ukingo wa mdomo. Nataka kusikia hoja zake zote kabla sijajua nitachagua nini.