Mumiani wa soseji

Jirani yangu wa ghorofa ya juu aliishi Marekani miaka mingi kabla ya kurudi Mombasa, na watoto wake hawajaisahau Halloween. Mwaka jana akaamua kuwafanyia karamu yake tarehe 31 Oktoba hapa hapa Tudor, uani, na watoto wa jengo zima waalikwe. Akaniteremkia na simu mkononi, akanionyesha picha: soseji zimezungushiwa vipande vyembamba vya unga mithili ya bandeji, hakuna kinachoonekana ila macho mawili. Zile maiti za Misri za kale, ndizo hasa. "Dadangu, hizi utaniwezea?" Nikamwambia nitaweza. Mimi hupika vitafunio vya oda, sambusa, katlesi na mkate wa sinia, na soseji 24 zikikatwa mbili mbili ni vipande 48 tu.

Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale. Akaivuta simu, akaitazama, akasema, "Huyu si mumiani huyu?"

Sisi tuliokulia pwani tulitishwa na mumiani kila magharibi: usipoingia ndani mapema atakuja akunyonye damu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waajemi na Waarabu, mumiya, ile lami nyeusi iliyokuwa ikiuzwa kama dawa, na ni neno hilo hilo Wazungu walilozipa maiti za Misri. Kwa hiyo hakukosea. Akaniuliza hii ni sikukuu ya nani. Nikamweleza kwamba ni mkesha wa Watakatifu Wote, ambayo Wakristo huadhimisha tarehe 1 Novemba, na kabla ya hapo Waselti wa Ireland walikuwa na sherehe yao ya mwisho wa mavuno, Samhain. Waireland waliohamia Marekani karne ya 19 wakaenda nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Haya mwanangu, wewe pika chakula cha watoto. Na soseji ziwe halali." Tukaishia hapo.

Siku tatu kabla ya karamu nikajaribu. Unga wa kazi hii ni ule wa tabaka, wa kukunjakunja na siagi, ule wa soseji roli. Nilichukua unga wa ngano gramu 500, siagi gramu 400, chumvi kijiko kidogo kimoja, ndimu nusu, na maji baridi kama robo lita. Nikaanza saa nane mchana. Nani alinituma saa nane mchana? Mwisho wa Oktoba kusi imekwisha, kaskazi haijaingia, hewa imesimama tu, na oveni nilikuwa nimeshaiwasha. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na jiko langu saa hiyo lilikuwa limefika huko. Kufika mkunjo wa pili siagi ikaanza kutoka pembeni, unga ukanata mezani, nikazidisha unga mkavu, ukawa mgumu. Nikalazimisha nikaoka. Zilipotoka zilikuwa zimelala katika dimbwi la mafuta, bandeji zimeteleza chini, na soseji zimevimba zikapasua zile zilizobaki. Niliumia, kwa sababu siagi si rahisi siku hizi.

Usiku huo nilikaa nikafikiri ni kitu gani hasa kilichoharibika. Unga wa tabaka hauna hamira. Unachanua kwa sababu siagi imelala baina ya matandiko ya unga, na joto kali likiingia ghafla, maji yaliyomo yanageuka mvuke, yanayainua matandiko kabla mafuta hayajatoroka. Siagi ikishayeyuka mezani, hakuna cha kuinuliwa tena. Ndipo nikaelewa kwamba kazi yangu kubwa ilikuwa kuulinda ubaridi, na kuoka kungefuata.

Basi siku ya karamu niliamka saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, madirisha wazi. Siagi nilikuwa nimeikata vipande nikailaza kwenye friza tangu usiku, na hata bakuli la unga nikaligandisha nalo. Meza niliipoza kwa trei iliyojaa barafu, nikaikausha, nikasukuma juu yake. Nikakunja mara nne, na kila mkunjo nikaurudisha kwenye friji nusu saa. Baina ya mikunjo nikashughulikia soseji: nikazikaanga kidogo ili zivimbe kabla, nikaziacha zipoe kabisa, nikazipangusa kwa kitambaa moja moja. Soseji yenye unyevu huulowesha unga, na ya moto huuyeyusha.

Saa mbili asubuhi, mkunjo wa mwisho umo kwenye friji, stima ikapotea. Sikutaka kungoja. Nilimtuma kijana kwa wauza samaki akaniletea barafu ya kusagwa, nikaufunga unga kwa foili mara tatu, nikauzika katika boksi la barafu. Nikawa nautoa robo kwa robo. Oveni yangu ni ya gesi, kwa hiyo hapo nilisalimika.

Kufunga ndiko nilikokupenda. Unasukuma mpaka uwe mwembamba kama chapati, unakata utepe wa upana wa sentimita moja, unazungusha bila kuuvuta. Ukiuvuta hujikunyata ndani ya oveni na kukatika. Bandeji zipishane ovyo, moja iinuke, moja ishuke, maana zikienda sawasawa inakuwa kama skrubu. Karibu na kichwa acha nafasi ya kidole kwa ajili ya uso, na ncha ya utepe iishie chini, soseji yenyewe iikalie. Trei nzima nikairudisha kwenye barafu dakika 20, nikapaka yai, nikaingiza kwenye nyuzi 200 kwa dakika 25. Nilichungulia dakika ya 12 nikaona tabaka zinainuka, nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Macho nimeyawaza sana. Picha ilionyesha peremende za macho, nami sikuziona dukani popote. Nilichukua mayonesi kwa ncha ya kijiti cha meno, nikadondosha matone mawili usoni, na katikati ya kila tone nikaweka punje moja ya habasoda. Punje ya habasoda ina pembe, haikai sawa, kwa hiyo kila mmoja alitazama upande wake. Huyu anaangalia juu, huyu amekasirika. Macho 96, mgongo uliniuma. "Damu" ya kuchovyea nikaipika kwa nyanya, ukwaju na pilipili ya Kashmir, nzito na nyekundu iliyoiva.

Watoto walizinyamazia kwanza, kisha mdogo mmoja akaanza kumvua mumiani wake bandeji, utepe kwa utepe, akila, mpaka akabaki na soseji yenye macho kiganjani. Wote wakamwiga. Sinia ilirudi kwangu na vipande viwili tu, na hivyo nilikuwa nimevificha.

Nilimpelekea mama mkwe baada ya magharibi, na chai ya tangawizi. Alikiinua kimoja akakitazama usoni muda mrefu, akazitoa zile punje mbili za habasoda kwa ukucha, akaziweka pembeni ya sahani. Kisha akasema bismillahi, akala.